Jino moja la Lindi, koo tatu: Kwa nini mnada wa New York unatuhusu

JULAI 2025 jijini New York, kampuni ya mnada ya Sotheby's iliuza kiunzi cha mifupa ya dinosaria mchanga wa aina ya Ceratosaurus kwa Dola 30.5 milioni. Kwa hela zetu ni takriban Sh3.9 bilioni. Waandalizi wenyewe walikuwa wamekadiria kati ya Dola 4 milioni na Dola 6 milioni. Mnunuzi hakutajwa jina. Kilichosemwa tu ni kwamba ana nia ya kukikopesha kiunzi hicho kwa taasisi fulani.

Habari ya aina hii ikifika huku kwetu huwa ni ya kuchekesha. Mtu anauliza, “Bilioni tatu na ushee za mifupa? Na hata haina nyama!” Wengine wanatupia emoji, kisha kidole kinateleza hadi video inayofuata.

Lakini ngoja kidogo. Mnada ule unatugusa watu wa Afrika Mashariki, na sababu yenyewe ni ndogo kiasi cha kutoshea kiganjani: jino moja lililochimbwa Lindi, kusini mwa Tanzania, zaidi ya miaka 110 iliyopita, na ambalo leo liko Berlin, Ujerumani.

Jino hilo ni la dinosaria mla nyama, na limeshapewa ukoo mara tatu. Kila mara swali limekuwa lilelile: linafanana na la nani? Huwezi kulijibu bila kuwa na meno ya wengine ya kulinganisha. Ceratosaurus ni mmoja wa hao wa kulinganishwa nao, na viunzi vyake ni adimu mno. Sotheby's ilisema kile kilikuwa kimoja kati ya vinne pekee vinavyojulikana, na cha pekee cha mnyama mchanga. Sasa umeanza kuona tunakoelekea.

Mnyama mmoja, meno mamia

Kwanza tuelewe kwa nini watu wazima wenye shahada wanakesha wakibishana juu ya jino.

Mnyama akifa, mwili huliwa, huoza, na mifupa husambaa au kusagika. Jino ni jambo lingine. Lina ganda gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, ndiyo maana hudumu pale mfupa unaposhindwa. Zaidi ya hapo, dinosaria hakuwa kama sisi tunaoota meno mara mbili tu maishani. Yeye aliotesha mapya mpaka kufa, kama mamba anavyofanya leo. Utafiti uliochapishwa 2019 kuhusu Majungasaurus, mla nyama aliyeishi Madagascar, ulionyesha kwamba alibadilisha kila jino baada ya miezi miwili hivi. Tyrannosaurus alikuwa mpole kidogo: jino moja lilikaa karibu miaka miwili.

Piga hesabu. Mdomo wenye meno kadhaa, kila moja likidondoka na kuota tena, mwaka baada ya mwaka. Mnyama mmoja aliacha nyuma meno mamia, lakini kiunzi ni kimoja tu, na mara nyingi hakikubaki. Ndiyo sababu katika sehemu nyingi duniani meno ndiyo ushahidi pekee kwamba mla nyama fulani aliwahi kupita hapo.

Jino lenyewe pia linakwambia lilivyotoka. Likiwa na mzizi mrefu, huenda mwenyewe alikufa likiwa bado mdomoni. Likiwa ni taji tupu, mzizi umeyeyuka chini, basi lilidondoka akiwa hai, pengine akiwa katikati ya mlo. Meno ya namna hiyo hupatikana mara nyingi kando ya mifupa ya mnyama aliyeliwa.

Jinsi ya kusoma jino

Hakuna uchawi hapa, na hata mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuanza.

La kwanza ni umbo. Jino la mla majani mara nyingi ni kama jani dogo au kama patasi, la kukata na kusaga. Jino la mla nyama wa kawaida limebanwa pande mbili kama kisu, ncha imepinda kuelekea kooni ili windo lisichomoke. La Tyrannosaurus ni nene, karibu kama ndizi, kwa sababu yeye alivunja hadi mifupa. La Spinosaurus limenyooka na ni la mviringo kama la mamba, la kumkamata samaki anayeteleza.

La pili ni makali. Pitisha kidole ukingoni mwa jino la mla nyama na utahisi vijino vidogo, kama vya kisu cha kukatia mkate. Mtaalamu huvihesabu kwa darubini: vingapi kwa kila milimita? Vya mbele ni vikubwa kuliko vya nyuma, au vinalingana? Vinaanzia kwenye ncha na kuishia wapi? Baryonyx, jamaa wa Spinosaurus aliyepatikana Uingereza, ana takriban vijino saba kwa kila milimita, vidogo kiasi kwamba jicho tupu halivioni vizuri. Spinosaurus mwenyewe hana kabisa.

La tatu ni ngozi ya jino, yaani ganda lake. Ni laini, lina mikunjo, au lina mistari iliyoinuka kutoka chini kwenda juu? La nne ni vipimo: urefu, upana na unene wa taji pale chini.

Ukishakusanya hayo yote unaanza kulinganisha. Na hapo ndipo noma inapoanza.

Simama mbele ya kioo ufungue mdomo. Jino lako la mbele na gego lako la nyuma vikiokotwa jangwani miaka milioni moja ijayo, mtu asiyejua anaweza kuapa ni viumbe wawili tofauti. Dinosaria walao nyama walikuwa vivyo hivyo. Meno ya mbele hayakuwa sawa na ya pembeni, na ya mtoto hayakuwa sawa na ya mzee. Upande wa pili, wanyama wasio ndugu wanaweza kuwa na meno yanayofanana kwa sababu tu wanakula chakula kimoja.

Historia ina mifano. Mwaka 1856 Mmarekani Joseph Leidy alimpa jina Troodon mnyama aliyemjua kupitia jino moja tu lililotoka eneo ambalo leo ni Montana. Yeye alidhani ni la mjusi. Baadaye ikaonekana ni la dinosaria, na kwa miaka mingi jina hilo likabebeshwa mifupa mingi. Kufikia 2017 watafiti walikuwa wakiuliza tena iwapo jino moja linaweza kubeba jina zito hivyo. Zaidi ya miaka 160, kesi bado iko mahakamani, tuseme.

Jino lenye koo tatu

Turudi Lindi. Kati ya 1909 na 1913, Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani, makumbusho ya Berlin ilichimba mlima wa Tendaguru. Wakuu wa msafara walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini walioshika majembe walikuwa wenyeji, mamia yao, na aliyesimamia kazi nyingi ya uchimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi walibeba mizigo kwa miguu, safari ya siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 ziliondoka. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika 1907 tu, na eneo la kusini lilikuwa bado linauguza majeraha.

Kilichotoka huko na kupata umaarufu ni Giraffatitan, mla majani ambaye kiunzi chake kimesimama Berlin kikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Walao nyama wa Tendaguru hawakubahatika. Yule aliyepatikana na sehemu kubwa ya mwili, Elaphrosaurus, hana fuvu. Wengine wengi ni mifupa ya hapa na pale, na meno. Unaona shida: huyu ana mwili bila meno, wale wana meno bila mwili.

Janensch alichukua baadhi ya meno hayo akayaweka chini ya jina Labrosaurus, mnyama wa Marekani ambaye leo huhesabiwa pamoja na Allosaurus. Hata hivyo hakuwa na uhakika, kwa hiyo aliweka alama ya kuuliza kwenye jina lenyewe. Huo ndio ukoo wa kwanza.

Mwaka 2012 Mfaransa Éric Buffetaut alilitazama upya moja la meno hayo. Pande zake zote mbili zina mistari iliyoinuka, na makali yake yana vijino vikubwa. Mistari ilimkumbusha ukoo wa Spinosaurus, akalipa jina jipya: Ostafrikasaurus crassiserratus. Sehemu ya kwanza ni Afrika Mashariki kwa Kijerumani, ya pili inasifu vijino vyake vinene. Kama yuko sahihi, hilo si jambo dogo. Tendaguru ina umri wa karibu miaka milioni 150, na Baryonyx ni mdogo kwa zaidi ya miaka milioni 20. Maana yake, ukoo wa wale mijitu wavuvi ungekuwa na mkongwe wake Lindi. Huo ni ukoo wa pili.

Wengine hawakukubali. Oliver Rauhut wa Munich alikuwa ameshasema 2011 kwamba meno ya aina hiyo yanaonekana kuwa ya jamaa wa Ceratosaurus. Mwaka 2020, Matías Soto na wenzake wakichunguza meno ya Uruguay wakaelekea huko huko, kwa sababu meno ya mbele ya Ceratosaurus nayo yana mistari, na vijino vinene vinakaa vizuri zaidi katika ukoo huo. Ukoo wa tatu.

Tazama kilichotokea. Jino halikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni meno yaliyowekwa pembeni yake. Jina la mnyama wa Lindi lilihama kutoka Marekani hadi kwa wavuvi, kisha likageukia ukoo mwingine baada ya watu kupata meno kutoka Amerika Kusini. Mwenye uwezo wa kuweka meno mengi mezani ndiye mwenye sauti.

Kompyuta haitatuokoa peke yake

Kuna watakaosema, tuiachie akili bandia. Na kweli imeanza kazi. Mwaka 2023 Simon Wills na wenzake wa London walifunza kompyuta kutambua meno madogo ya walao nyama wa Uingereza wa kipindi cha Jurasiki ya kati. Ilitambua miongoni mwao jamaa wa karibu wa ndege, mapema kuliko wengi walivyotarajia. Kazi safi.

Ila kompyuta ni kama mtahiniwa wa KCSE: hujibu kutokana na alichosomeshwa. Ukiilisha vipimo vya meno ya Marekani, China na Ulaya, kisha ukaiwekea jino la Turkana, haitakwambia “sijawahi kuona kitu kama hiki” isipokuwa uwe umeitengeneza ijue kusema hivyo. Italisukuma kwa ndugu wa karibu inayemfahamu. Meno ya Afrika yasipopimwa na kuwekwa kwenye hifadhi ya data, mnyama wetu ataendelea kuitwa binamu wa mtu.

Soko linavyofuta anwani

Wakati huo huo, upande wa pili wa bara, meno yanauzwa kama karanga. Miamba ya Kem Kem nchini Morocco imejaa meno ya Spinosaurus. Watafiti waliohesabu zaidi ya mabaki 1,200 kutoka sehemu moja ya mto wa kale huko, na waliochapisha kazi yao 2021, waliona kuwa karibu asilimia 45 ya meno yalikuwa ya mnyama huyo. Ukifungua intaneti leo unaweza kununua moja na kuletewa kwa posta.

Tusiwatupie lawama wachimbaji wa kule. Ni watu wanaotafuta riziki kwenye jangwa lisilo na kazi nyingine nyingi, na faida nono huliwa mbali na shimo. Shida ni kinachopotea njiani. Jino likifika kwenye tovuti limeandikwa “Spinosaurus, Morocco” na basi. Lilitoka tabaka gani la mwamba? Kando yake kulikuwa na nini? Limeunganishwa kwa gundi kutoka meno mawili? Meno ya kubandikwa ni biashara inayojulikana kule. Jino lisilo na anwani ni kama shahidi asiyejua alikuwa wapi usiku wa tukio.

Na jino lina mengi ya kushuhudia kuliko jina tu. Mwaka 2018 Auguste Hassler na wenzake walipima kalisi katika meno na magamba ya wanyama wa Morocco na Niger. Kalisi ya Spinosaurus na jamaa zake ilionyesha kuwa walikula samaki, wakati walao nyama wengine wa eneo hilo walikula wanyama wa nchi kavu. Lakini kipimo hicho kina maana tu pale unapojua wanyama hao waliishi pamoja. Anwani kwanza.

Kiunzi cha mabilioni cha New York kina shida nyingine. Anwani yake inajulikana, kilichimbwa Wyoming mwaka 1996. Ila sasa ni mali ya mtu binafsi. Hata akikikopesha kesho, keshokutwa anaweza kukidai. Sayansi inataka mtu mwingine, miaka 50 baadaye, aweze kurudi kwa mfupa ule ule na kuuliza upya. Mtafiti wa Dar es Salaam anayetaka kulinganisha jino la Lindi na meno ya Ceratosaurus mchanga pekee anayejulikana, atabisha mlango wa nani?

“Huko ndiko salama”

Mjadala wa kurudisha mabaki ya Tendaguru umefika hadi bungeni Dodoma, na jibu moja husikika kila mara: yaache Ulaya, huko ndiko salama.

Muulize Mmisri. Ernst Stromer alipeleka Munich mabaki ya dinosaria wa Misri, akiwemo Spinosaurus wa kwanza kujulikana. Aprili 1944 mabomu yaliteketeza jumba lile, na mifupa ikaisha. Miongoni mwake kulikuwa na mla nyama mwingine ambaye Stromer, mwaka 1931, alimpa jina Carcharodontosaurus kwa sababu meno yake yalifanana na yale yaliyookotwa Algeria. Mwaka 2025 watafiti walichunguza picha za zamani za mifupa hiyo wakasema huyu ni mnyama mwingine kabisa, wakamwita Tameryraptor. Imebidi wabishane na picha. Meno yenyewe hayapo tena.

Sisemi Berlin itaungua kesho. Nasema usalama si hoja ya kumaliza mjadala. Na kwa maoni yangu, swali la jengo gani lina lile jino la Lindi ni nusu tu ya kesi. Nusu ya pili ni nani anaweza kulisoma. Ukilirudisha Tanzania bila maabara, darubini na mifano ya kulinganisha, utakuwa umerudisha kitabu kwa mtu uliyemnyima shule. Ukilibakiza Berlin na mwanafunzi wa Lindi akahitaji viza na tiketi ili alitazame, hali ni ile ile. Nakala za pande tatu za kidijitali za kila jino la Tendaguru, zikiwa wazi kwa yeyote, na ufadhili wa kuwafunza vijana wa hapa, vingekuwa mwanzo wa maana. Na hivyo havihitaji kusubiri mabunge yaelewane.

Na sisi Kenya?

Tumezoea kujisifu kwa mabaki ya binadamu wa kale, Turkana Boy na wenzake. Wengi hawajui kwamba kaunti hiyo hiyo ina dinosaria. Katika milima ya Lapurr, kaskazini magharibi mwa Ziwa Turkana, watafiti wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Marekani wamepata mabaki ya dinosaria wa kipindi cha Kretasia, wakiwemo walao nyama. Hapo ndipo jino linalofuata la kubishaniwa linaweza kutokea, na anayeweza kuliona kwanza ni mchungaji, dereva wa bodaboda au mwanafunzi aliyeenda mashambani likizo.

Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inasema vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali, ugunduzi uripotiwe, na kupeleka nje bila kibali ni kosa. Lakini tuseme ukweli: sheria inamwambia mchungaji asiuze, haimwambii atapata nini akiripoti. Jina lake litaandikwa popote? Boheti bin Amrani alisimamia mashimo ya Tendaguru, lakini dinosaria wa pale walipokuwa wakigawiwa majina ya wakubwa wa Ujerumani, yeye alisubiri hadi 2007 ndipo mmoja akaitwa kwa jina lake, Australodocus bohetii. Kama tunataka vijana walinde meno hayo, tuanze kwa kuwaandika kama wagunduzi.

Kwa sasa, ukikutana na jino lililogeuka jiwe, usilichomoe. Weka sarafu kando yake upate kipimo, piga picha, hifadhi mahali ulipo kwenye ramani ya simu, kisha ripoti kwa makumbusho. Hiyo sarafu na hiyo alama ya ramani ndiyo anwani ambayo Sh3.9 bilioni haziwezi kununua baadaye. Mnyama wa Lindi amesubiri miaka milioni 150 na bado hajajua ukoo wake. Wa Lapurr asianze foleni hiyo hiyo.